Ndege Watembeleao Bustani Wakati wa Kipupwe

Je, umewahi kutoka nje alfajiri katika mwezi wa Julai ukaiona pumzi yako ikitoka mdomoni kama moshi? Ikiwa unakaa Mbeya, Tukuyu, Makete, Njombe, Mafinga au Iringa, bila shaka umewahi. Wakati huo vidole hufa ganzi, na kila mtu hutafuta shuka, sweta au moto wa jikoni. Sasa tazama juu ya ua wa nyumba yenu. Ndege mdogo amekaa juu ya tawi. Hana sweta wala jiko. Amelala nje usiku kucha, naye yu hai. Amewezaje?

Swali hilo unaweza kulijibu wewe mwenyewe, bila kwenda mbali na nyumbani. Unahitaji daftari, penseli, bakuli la maji, na uvumilivu. Uvumilivu ndio mgumu kuliko vyote.

Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa kiasi cha meta 1,600. Uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, kiasi cha meta 2,600. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kila apandapo meta 1,000, halijoto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Isitoshe, mnamo tarehe 21 Juni jua la utosi huwa limefika mbali upande wa kaskazini, na pepo zitokazo kusini-mashariki huleta hewa ya baridi. Usiku mbingu huwa hazina mawingu, kwa hiyo joto la ardhi hupotea angani upesi. Ndiyo sababu asubuhi nyingine huko Makete na Kitulo sakitu huonekana nyeupe juu ya majani, na mashamba ya viazi huungua kama yaliyopitiwa na moto.

Majira hayo, tangu Juni hadi Agosti, huitwa kipupwe. Kumbuka kwamba kipupwe chetu ni baridi na pia ni ukame. Mvua zimekwisha, nyasi zimekauka, vijito vidogo vimekatika. Jambo hili ni kubwa kwa ndege, kama tutakavyoona.

Maji Kwanza

Katika nchi za Ulaya majira ya baridi huja na theluji. Theluji hufunika mbegu na wadudu, nao ndege hufa kwa njaa. Kwa hiyo watu wengi wa huko huweka mbegu na mafuta magumu bustanini ili ndege wapate kula. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1979, watoto, na baadaye wakubwa pia, wamekuwa wakiwahesabu ndege wa bustani zao kwa muda wa saa moja kila mwaka katika mwezi wa Januari. Kutokana na hesabu hizo wamegundua kwamba ndege fulani waliokuwa wengi zamani sasa wamepungua sana.

Sisi hatuna theluji mjini Iringa wala Mbeya. Mbegu za nyasi zimetapakaa kila mahali, na punje za mahindi zimebaki mashambani baada ya mavuno. Kinachopungua ni maji. Basi, ukitaka ndege waje karibu wakati wa kipupwe, usianze na chakula. Anza na maji.

Chukua bakuli la udongo au kifuniko cha ndoo kisicho na kina kirefu. Ndani yake weka jiwe moja la bapa ili ndege wadogo wapate mahali pa kusimama wasizame. Tia maji yenye kina cha vidole viwili. Liweke mahali pa wazi, lakini karibu na kichaka, ili ndege aweze kukimbilia huko akitokewa na mwewe. Lisiwe karibu sana na kichaka, maana paka hujificha humo. Hatua tano au sita zinatosha.

Osha bakuli hilo na kubadili maji kila siku. Ndege hunywa na kuoga katika maji yaleyale, tena hunya humohumo. Maji machafu yanaweza kueneza magonjwa kati ya ndege wa porini na kuku wenu. Usiwape kuku maji hayo, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza. Ukimwona ndege aliyekufa, usimshike. Mwambie mtu mzima.

Siku ya kwanza na ya pili pengine hutaona ndege yeyote. Usikate tamaa. Ndege huona kitu kipya kama wewe uonavyo mgeni usiyemjua akisimama mlangoni. Watakichungulia kwanza kutoka mbali.

Jinsi ya Kutazama

Likizo ya mwezi wa Juni ni wakati mzuri wa kuanza. Kaa mahali pamoja, kwa mfano barazani au nyuma ya dirisha, tangu saa 1 hadi saa 2 asubuhi. Vaa nguo zisizong'aa. Usinyooshe kidole. Ndege huogopa mkono unaoinuka ghafla kuliko mtu aliyekaa kimya.

Katika daftari lako chora safu tano: tarehe na saa, halijoto, ikiwa shule yenu ina kipimajoto cha kuwaazima, aina ya ndege, idadi, na alichokuwa akifanya. Usipolijua jina la ndege, eleza ulichokiona. Ana ukubwa gani ukimlinganisha na kifaranga au njiwa? Mdomo wake ni mfupi na mnene, au mrefu na mwembamba? Mkia je? Baadaye mwulize babu au bibi jina lake kwa Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisafwa au Kinyakyusa, uliandike hilo pia. Wazee wengi wanawajua ndege kwa sauti zao hata bila kuwaona.

Jihadhari na kosa moja la kuhesabu. Ukiona shore watatu saa 1:10, halafu ukaona shore wawili saa 1:30, usiandike watano. Huenda ni walewale waliorudi. Andika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa wakati mmoja, yaani watatu.

Wageni Utakaowaona

Shore hukawia mara chache. Ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye kichwa cheusi, na chini ya mkia ana manyoya ya manjano. Hupiga kelele nyingi kabla jua halijachomoza. Hula matunda na wadudu, na hupenda sana kuoga, hata asubuhi ya baridi.

Chozi ni mdogo, na mdomo wake ni mrefu, mwembamba na uliopinda. Huutumia kunyonya maji matamu ya maua, yaitwayo mbochi. Wakati wa kipupwe mishubiri huchanua maua mekundu kwenye miamba na kandokando ya nyua, nao chozi huifuata. Tazama kipaji chake anapotoka uani: mara nyingi kina vumbi la manjano. Hiyo ni chavua. Chozi huibeba kutoka ua moja hadi jingine bila kujua, na hivyo mshubiri hupata mbegu. Chozi hula pia buibui na wadudu wadogo.

Chiriku, tetere na shomoro hula mbegu. Midomo ya chiriku na shomoro ni mifupi na minene, inayofaa kuvunja punje. Katika milima ya Kipengere na sehemu za jirani kuna chiriku mmoja ambaye haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani. Mtoto wa Makete anaweza kumwona njiani aendapo shuleni. Mtaalamu wa Ulaya hana budi kusafiri kwa ndege ya abiria na gari ili amwone.

Huenda pia utamwona ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mwenye mkia mrefu, amekaa peke yake juu ya nguzo au seng'enge. Vitabu vingine humwita mbwigu. Yeye hafuati maji sana. Anatafuta panzi, viwavi na mijusi. Akipata zaidi ya anachoweza kula, huchomeka mawindo yake kwenye mwiba, kama mchuuzi anavyotundika nyama buchani, akarudi baadaye.

Na usiku, kwenye paa la ghala, huenda ukamsikia bundi. Watu wengi humwogopa na kusema kwamba analeta msiba. Lakini tazama chini ya mahali anapolala mchana. Utaona vidonge vya manyoya na mifupa midogo alivyovitapika. Vipasue kwa kijiti, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mifupa mingi ni ya panya, walewale wanaokula mahindi ya ghalani mwenu.

Jinsi Ndege Wanavyojikinga na Baridi

Joto la mwili wa ndege ni kubwa kuliko lako. Lako ni nyuzi 37 hivi. La ndege wengi ni kati ya nyuzi 40 na 42. Usiku wa Julai hewa ya nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tena ndege ni mdogo, na kitu kidogo hupoa upesi. Epua viazi viwili kutoka katika chungu kimoja, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Kipi kitaanza kulika bila kukuunguza? Kidogo. Chozi wengi hawafikii uzito wa gramu 20. Basi chozi ni kile kiazi kidogo, lakini asipoe, maana akipoa kabisa atakufa.

Kinga yake ya kwanza ni manyoya. Asubuhi ya baridi utaona kwamba ndege ameyatutumua manyoya yake hata akawa kama mpira. Kwa nini? Fanya jaribio hili.

Chukua chupa tatu zilizo sawa. Jaza mifuko miwili ya kitambaa manyoya makavu ya kuku, kisha chovya mmoja ndani ya maji na kuukamua. Mwalimu wako atatia maji ya moto katika chupa zote, kwa kipimo kimoja. Chupa ya kwanza iache wazi. Ya pili izungushie mfuko wa manyoya makavu, na ya tatu mfuko wa manyoya yaliyolowa. Pima halijoto ya kila chupa baada ya kila dakika 5, kwa muda wa nusu saa.

Utaona kwamba chupa yenye manyoya makavu ndiyo inayokaa na joto kwa muda mrefu zaidi. Si kwamba manyoya yana moto wake. Kati ya manyoya kuna hewa nyingi iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndege anapotutumua manyoya huongeza hewa hiyo. Chupa yenye manyoya yaliyolowa hupoa upesi kwa sababu maji yameifukuza hewa, na maji yanapokauka huchukua joto. Sasa utaelewa kwa nini ndege, baada ya kuoga, hukaa muda mrefu akiyapitisha manyoya yake mdomoni moja moja. Karibu na mkia ana tezi ya mafuta. Huchukua mafuta hayo kwa mdomo na kuyapaka ili maji yasipenye.

Kinga ya pili ni chakula. Ndege mdogo hula karibu mchana kutwa, na chakula hicho ndicho kuni zake za usiku. Chozi mkubwa wa kijani wa milimani ana kinga ya tatu: usiku wa baridi huliacha joto la mwili wake lishuke, ili asitumie kuni nyingi, kisha hulipandisha tena kunapokucha.

Lakini hodari wa kuota moto ni kuzumburu.

Kesi ya Kuzumburu

Kuzumburu ana rangi ya kijivu na hudhurungi, kishungi kichwani, na mkia mrefu kuliko mwili. Hutambaa matawini kama panya. Hawatembei peke yao. Huja kundi zima. Usiku hukumbatiana na kuning'inia pamoja kama shada la ndizi, kila mmoja akipata joto la mwenzake. Jua likichomoza hupanda juu ya kichaka, wakaning'inia huku matumbo wameyaelekeza kwenye jua. Kuzumburu hula majani mengi, na tumbo lililopata joto huyasaga vizuri zaidi. Ni kituko kuwatazama: wamejipanga kama wazee barazani, kila mmoja akiota jua, hakuna mwenye haraka.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi kuzumburu hapendwi. Hutoboa mapapai, hula nyanya na machipukizi ya mboga. Huenda baba yako amekasirika, na kaka yako ameshatengeneza manati. Hapa hatutasema uongo. Kuzumburu anadhuru mazao kweli. Swali ni hili: anadhuru kiasi gani, na je, yeye peke yake ndiye mwenye hatia?

Daftari lako ndilo shahidi. Kwa muda wa siku saba, hesabu mapapai na nyanya zote asubuhi na jioni. Weka alama kwenye yaliyotobolewa. Andika ni ndege yupi uliyemwona akila kila tunda. Tunda lililoharibika usiku halikuharibiwa na kuzumburu, maana yeye usiku amelala. Watafute popo na panya. Chunguza pia kama tunda lilikuwa na funza kabla halijadonolewa. Na katika siku hizohizo andika ni mara ngapi shore, chozi na mbwigu wamechukua viwavi, buibui au panzi kutoka katika mboga zenu. Ukimaliza, mpelekee baba hesabu yako, umsomee yote, hata yale yanayomtia kuzumburu hatiani.

Kisha jaribuni dawa ndogo kabla ya kubwa. Vikeni mapapai yanayokaribia kuiva mifuko ya kitambaa au ya karatasi. Funikeni tuta la miche kwa wavu. Jiwe la manati halichagui. Mara nyingi humpata chozi au shore aliyekaa tawi la jirani. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyamapori bila kibali.

Usimchanganye kuzumburu na kweleakwelea, adui wa mpunga katika bonde la Usangu. Huyo ni mdogo, lakini huja kwa makundi makubwa mno. Kweleakwelea mmoja huweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Mmoja si kitu. Piga hesabu ya ndege 1,000,000.

Waliobadili Mavazi na Waliosafiri

Ukitazama tangu Machi hadi Agosti utashangaa: wale ndege weusi na wekundu, au weusi na wa manjano, waliokuwa waking'aa juu ya majani marefu wakati wa masika wametoweka. Kwa kweli wengi wao wapo. Baada ya kuzaliana, madume hupukutisha manyoya yao ya fahari na kuota mengine ya hudhurungi yenye michirizi, wakawa kama majike. Wamo miongoni mwa "shomoro" uliowaandika daftarini. Watazame tena kwa makini.

Wengine hawapo kweli. Mbayuwayu wa Ulaya huja kwetu mnamo Oktoba na kuondoka mnamo Aprili. Wakati wewe unatetemeka Mafinga, yeye yuko kaskazini, ambako ni majira ya joto, akilisha makinda. Baadhi ya mbayuwayu hao husafiri kilometa 10,000 hivi kwa safari moja. Yuko pia mbayuwayu wa rangi ya buluu iliyokoza, ambaye huzaliana katika nyasi za Nyanda za Juu Kusini wakati wa mvua, kisha huenda Uganda na nchi jirani wakati wa kipupwe. Idadi yake duniani imekuwa ikipungua, kwa sababu nyasi za milimani zimelimwa au kupandwa miti. Uwanda wa Kitulo, ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ni mojawapo ya mahali anapoweza kuzaliana kwa usalama.

Usidhani kwamba ndege wote wa kwetu wamekwisha kujulikana. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100, na hesabu bado inaongezeka. Mwaka 1991 wachunguzi waliopiga kambi katika misitu ya Milima ya Udzungwa walipikiwa kitoweo cha ndege. Walipotazama ndani ya sufuria waliona miguu ambayo hawakuweza kuitambua. Walikuwa wamemla kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamjua! Ndugu zake wa karibu wako Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Leo anaitwa kwale wa Udzungwa. Wenyeji wa milima hiyo, bila shaka, hawakuhitaji kumgundua.

Maswali na Kazi

1. Kwa nini bakuli la maji huvuta ndege wengi zaidi kuliko mbegu wakati wa kipupwe katika mkoa wenu?

2. Chora mdomo wa chozi na mdomo wa chiriku. Eleza jinsi kila mmoja unavyofaa kwa chakula chake.

3. Katika jaribio la chupa tatu, kwa nini ilitupasa kutia maji ya moto kwa kipimo kimoja?

4. Kundi la kweleakwelea 1,000,000 litakula tani ngapi za mpunga kwa siku moja, ikiwa kila mmoja anakula gramu 10?

5. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Saa 1:05 tetere wanne, saa 1:20 tetere sita, saa 1:50 tetere wawili. Jumla tetere kumi na wawili." Msahihishe.

6. Tazama ndege bustanini kwenu kwa saa moja kila Jumamosi, tangu mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Agosti. Lete daftari lako darasani shule itakapofunguliwa, ulilinganishe na la mwenzako anayekaa bondeni ikiwa wewe unakaa mlimani. Ndege gani yuko kwenye daftari lake na hayupo kwenye lako?